Unataka kukaa mtini? Jifunge kwanza!

KIJIWENI kwetu Sinza kuna mshikaji mmoja ambaye akishaona kitu kipya hatulii mpaka akipate. Miezi kadhaa iliyopita alitujia na mpya. Kwenye simu yake kulikuwa na Mmarekani mmoja amening'inia mtini, juu kama paa la nyumba ya ghorofa moja, magoti yamegusa shina, makalio yamekaa ndani ya mkanda mpana, ametulia kama mtoto aliyebebwa kwa mbeleko. Mkononi ana upinde. Chini mnyama anapita zake, hana habari.

"Oneni mambo hayo!" mshikaji akasema. "Nanunua. Halafu naenda porini."

Tulicheka mpaka muuza kahawa akauliza kulikoni. Kumbe jamaa hakuwa anapiga fiksi. Wiki kadhaa baadaye kifurushi kikafika, akakifungua pale pale kijiweni, akajivika mkanda juu ya jinzi na kuanza kuuza sura kama mwanamitindo. Likabaki swali moja tu: mti uko wapi? Mtaani kwetu miti ni miwili mitatu, na yote imepitiwa na nyaya za umeme.

Hapo ndipo nilipojiponza. Nikasema, "Mimi nina mjomba Tosamaganga, anafuga nyuki. Kule miti ipo."

KITU CHENYEWE NI NINI?

Kabla hatujapanda basi, msomaji wangu, hebu tukijue kwanza kitu chenyewe. Wenzetu wa Marekani wanakiita tandiko, kama lile la farasi, ila hili analikalia mtu akiwa ameegemea mti. Ni mkanda mpana wa kitambaa kigumu au wavu, unaopita kiunoni na chini ya makalio, pamoja na mikanda miwili ya mapajani inayozuia lisipande juu. Kutoka nyonga moja hadi nyingine kuna kipande cha kamba, nacho wanakiita daraja.

Zipo kamba nyingine mbili, na hizi ndizo roho ya mambo. Ya kwanza ni ya kupandia. Inatoka nyonga ya kulia, inazunguka shina, inarudi nyonga ya kushoto. Kama umewahi kumtazama fundi wa umeme akiwa juu ya nguzo, mikono yote miwili iko huru na yeye kaegemea nyuma, basi umeshaiona kamba hiyo. Ya pili ni ya kukalia. Hiyo inafungwa kwenye shina usawa wa uso au juu kidogo ukiwa umesimama, halafu inaunganishwa na daraja kwa karabina, yaani kile kipete cha chuma chenye mlango unaojifunga.

Kamba hizo hurefushwa na kufupishwa kwa fundo la Prusik, lililopewa jina la Karl Prusik, mpanda milima wa Austria aliyelieleza mwaka 1931. Fundo hili ni la ajabu kidogo. Ukilisukuma kwa mkono linateleza, ukiliwekea uzito linauma kama jino la mamba. Kuna vifaa vya chuma vinavyofanya kazi hiyo hiyo, lakini fundo linabaki kuwa ndilo somo la kwanza.

Chini ya miguu kunakuwa na kibao kidogo cha chuma chepesi cha kukanyagia, na njia ya kufika juu ni vingazi vifupi vinavyofungwa kwenye shina kimoja baada ya kingine. Wawindaji wa huko walikuwa na mikanda ya namna hii tangu zamani, lakini umaarufu wake umepanda sana miaka ya karibuni, hasa baada ya kampuni kama Tethrd kuingia sokoni mwaka 2018. Sababu ni nyepesi kueleweka. Kiti cha chuma cha kufunga mtini kinaweza kuwa na uzito wa kilo nane au kumi, wakati tandiko lenyewe ni kama kilo moja tu. Unalikunja, unalitia begani, unakwenda zako. Tena unaweza kuuzunguka mti mzima ukajificha nyuma ya shina, mnyama aje kutoka upande wowote.

Na bei je? Seti nzima, pamoja na vingazi na kibao, inakwenda kwenye mamia ya dola. Si hela ya kuchezea.

KITONGA HADI TOSAMAGANGA

Tukaondoka alfajiri kituo cha Mbezi. Mikumi tukawaona swala kwa dirisha, mshikaji akawa anawalenga kwa kidole. Ruaha Mbuyuni tukanunua vitunguu, mlima Kitonga tukaupanda taratibu nyuma ya malori, na jioni tukashuka Iringa mjini tunatetemeka. Mtoto wa Dar ukifika Iringa mwezi wa sita ndipo unapojua kwa nini watu wa kule wanapenda makoti.

Tosamaganga iko kilomita kama 15 kutoka mjini, ng'ambo ya Kalenga, ile Kalenga ya Mkwawa ambayo Wajerumani waliishambulia na kuiteka mwaka 1894. Wenyeji wanasema jina la Tosamaganga linatokana na Kihehe, kutupa mawe. Ni mahali pa misheni ya zamani. Walianza Wabenedikto wa Kijerumani mwishoni mwa karne ya 19, wakaja Wakonsolata wa Kiitaliano baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kuna kanisa kubwa la matofali, shule, hospitali, na miti mirefu ambayo mshikaji wangu alipoiona alipiga mluzi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, wanangu. Kamwene!"

"Kamwene, mjomba."

Mjomba ni mzee wa miaka sitini na kitu, mkavu, mpole, mguu wa kushoto anauburuta kidogo. Tangu utoto wangu niliujua mguu ule hivyo hivyo, sikuwahi kuuliza. Akatukaribisha ndani, ugali ukaletwa, na baada ya kula mshikaji akatandaza zana zake zote sakafuni, akaanza kutoa mhadhara. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja.

"Kibali unacho?"

SHERIA KWANZA

Hapa, msomaji, naomba tusimame kidogo, maana najua wapo watakaosoma na kuanza kuota nyama ya porini. Tanzania huwezi kuamka asubuhi ukaenda kuwinda kwa sababu umenunua mkanda. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009 inataka kila mwindaji awe na leseni, na mamlaka inayohusika ni TAWA. Leseni inasema mnyama gani, wangapi, wapi na lini. Kuwinda usiku ni marufuku. Sumu, mitego ya nyaya na mashimo navyo ni marufuku. Silaha ina kibali chake peke yake. Ndani ya hifadhi ya taifa kama Ruaha, ambayo barabara yake inapita hapo Kalenga, usithubutu kabisa. Hata msitu wa serikali una mwenyewe, ni TFS. Huingii na kufunga kamba zako kwenye mti kama uko shambani kwa bibi yako.

Mshikaji akanywea. Kibali hakuwa nacho. Alidhani kijijini mambo yanakwenda kienyeji tu.

"Basi," mjomba akasema, "kesho tutapanda miti yangu. Mnyama wa kuwinda tunaye, ila yeye ana mabawa."

Alikuwa na maana ya nyuki. Mizinga yake sita ilikuwa imetundikwa kwenye miti bondeni, na wakati wa kurina asali ulikuwa umefika.

BABU ZETU WALIKAA JUU

Usiku ule tuliota moto, mjomba akatutoa ushamba. Sisi tulidhani kukaa mtini ni jambo la Wamarekani. Kumbe alipokuwa kijana yeye mwenyewe alikuwa analala kwenye dungu katikati ya shamba la mahindi, kulinda nguruwe pori na nyani wasimalize mazao. Dungu ni jukwaa la miti, na wawindaji nao walijenga la kwao wakaliita ulingo. Nguzo nne, fito juu, majani ya kujificha. Mtu anapanda jioni, anashuka asubuhi.

Ukienda pwani utamkuta mkwezi anapanda mnazi kwa kukanyaga vidato vilivyochongwa kwenye shina. Ukienda ziwa Eyasi, Wahadzabe wanapigilia vigingi vya miti kwenye mbuyu, kimoja juu ya kingine, wanapanda navyo kama ngazi mpaka kwenye tundu la nyuki. Watu wetu wamekaa juu miaka na miaka. Ambacho wengi wao hawakuwa nacho ni kamba ya kuwashika wakiteleza.

Na hilo si dogo. Chukua kisa cha Tsavo nchini Kenya, mwaka 1898. Simba wawili walikuwa wanawala vibarua waliokuwa wanajenga reli. Mhandisi J. H. Patterson akajenga ulingo wa miti minne iliyoinamiana, juu kaweka ubao wa kukalia, yapata mita nne tu kutoka ardhini, akakaa peke yake usiku akingoja. Simba akaja. Lakini badala ya kuufuata mzoga wa punda uliowekwa kama chambo, akaanza kumzunguka mwindaji mwenyewe, saa mbili nzima, gizani. Katikati ya hofu hiyo bundi akaruka akampiga Patterson kisogoni, akidhani ni tawi! Yeye mwenyewe ameandika kwamba nusura aanguke kwa mshtuko. Hebu fikiria angeanguka pale. Alifanikiwa kumuua simba huyo wa kwanza tarehe 9 Desemba, na wa pili akafuata kabla mwezi haujaisha. Simba hao leo wako kwenye jumba la makumbusho la Field, Chicago. Nusura ndege mmoja tu abadilishe hadithi yote, kwa sababu mtu alikaa juu bila kujifunga.

Wahenga wetu walisema aliye juu mngoje chini. Simba wa Tsavo aliijua methali hiyo.

SEKUNDE TANO ZA MSHIKAJI

Asubuhi tukaenda nyuma ya nyumba, kwenye mkaratusi mnene kiasi. Mjomba alisisitiza kwamba mazoezi yafanyike chini, miguu isipande zaidi ya usawa wa goti. Mshikaji akafanya hivyo dakika kumi, akachoka. "Hii nimeshaiweza, mjomba." Akafunga vingazi vyake, akazungusha kamba ya kupandia, akaanza kupaa.

Kusema kweli alipendeza. Kingazi cha kwanza, cha pili, anasogeza kamba, anaegemea, anapanda. Nikatoa simu nimpige picha. Alipofika juu ya urefu wa mtu akakutana na tawi. Sasa kamba iliyozunguka shina haiwezi kupita kwenye tawi. Lazima uifungue, uipitishe juu ya tawi, uifunge tena. Mjomba akapaza sauti, "Funga ile nyingine kwanza!" Mshikaji akajibu, "Sekunde moja tu, mjomba!" Akafungua.

Mkaratusi una gome linalobabuka, na chini yake ni laini kama kioo. Mguu uliokuwa umekanyaga shina ukateleza. Akadaka tawi kwa mkono mmoja, akaning'inia kidogo, vidole vikaachia. Akaanguka chali kwenye majani makavu, puu!

Nakiri kwamba sikucheka. Alikuwa ameachama mdomo, hewa haiingii wala haitoki, macho yamemtoka. Mjomba akapiga magoti, akamkataza kujiinua, akamuuliza kama anasikia miguu yake, akamwambia atikise vidole. Vikatikisika. Baada ya muda pumzi ikarudi. Hakuvunjika kitu, ila aliinuka na mgongo wenye michubuko na maneno hana.

Ndipo mjomba akakunja suruali. Chini ya goti la kushoto mfupa ulikuwa umepinda, na kovu refu limeufuata.

"Nilikuwa na miaka thelathini na mbili," akasema. "Mkuyu ule wa bondeni. Kupanda nilipanda salama, asali nikarina. Nilikuwa nashuka, nabadilisha mkono kutoka tawi hili kwenda lile. Miezi minne nimelala hospitali. Shangazi yenu alilima peke yake mwaka ule."

Hilo ndilo jambo ninalotaka ubaki nalo, msomaji, hata ukisahau mengine yote. Wengi huanguka wakati wa kupanda, wakati wa kushuka, na zaidi ya yote pale wanapohama kutoka kitu kimoja kwenda kingine. Huko Marekani walimu wa usalama wa uwindaji wanalirudia hilo kila msimu, na mjomba wangu amelijua kwa mfupa wake. Tandiko la bei mbaya halikusaidii kitu kama katika zile sekunde tano hukufungwa.

UKITAKA KUCHAGUA

Sasa kama wewe ni mpiga picha wa ndege, mfugaji wa nyuki, mkata matawi, au mwindaji mwenye leseni yako, na unataka mkanda huu, zingatia yafuatayo.

Kwanza, kipimo. Pima nyonga zako ukiwa umevaa nguo utakazopanda nazo. Iringa mwezi wa saba si Dar, koti linaongeza inchi. Tandiko likiwa kubwa linateleza, likiwa dogo linabana nyonga mpaka miguu inakufa ganzi.

Pili, uzito linaoweza kubeba. Lazima uandikwe kwenye lebo. Matandiko mengi yanaandikwa paundi 300, sawa na kilo 136. Hesabu uzito wako, mavazi, viatu na zana. Lebo haina namba? Achana nalo.

Tatu, la kipande kimoja au viwili. La kipande kimoja ni jepesi na rahisi. La vipande viwili linakuwezesha kusogeza kimoja kiunoni na kingine mapajani, hivyo ni zuri kwa mtu wa kukaa saa nyingi. Hakuna lililo bora kwa kila mtu. Likalie kwanza nusu saa karibu na ardhi ndipo uamue.

Nne, karabina na kamba. Karabina ya kweli ya kupandia imechongwa nguvu yake ubavuni, kwa herufi kN. Zile za kuning'inizia funguo, zinazouzwa barabarani kwa rangi nzuri nzuri, zibaki kwenye funguo. Kamba nayo iwe ya kupandia, si ile ya manila ya kuanikia nguo. Katani ikilowa na kukauka mara nyingi huoza kwa ndani huku nje inang'aa. Nailoni inachoshwa na jua. Na zile nyuzi za mpira wa baiskeli tunazofungia mizigo, kwa uhai wa mtu hazifai kabisa.

Tano, mtumba. Najua kuchagua mtumba tunakuweza, lakini mkanda na kamba ya kupandia si shati. Hujui ilishamdaka nani, ilimwagikiwa na nini, ilikaa juani miaka mingapi. Nunua mpya, au usinunue.

Na usishone ya kwako kwa mikanda ya gari kuukuu. Fundi cherehani wako ni hodari wa suti, sawa. Mshono wa kubeba roho ni kazi nyingine.

UKISHALIPATA

Kagua kila kitu kabla ya kupanda. Pitisha kamba yote mkononi, inchi kwa inchi. Ukisikia mahali pamelainika, pamechanika au pamekauka, kata kabisa ili mwingine asije akaiokota. Kamba hukatikia pabovu, na pabovu utapajua kwa vidole kabla ya macho.

Mti nao una tabia yake. Chagua ulio hai, ulionyooka, usio na uvimbe, tundu wala uyoga shinani. Mikaratusi ina desturi ya kuangusha matawi bila taarifa, hata siku isiyo na upepo, kwa hiyo tazama juu kabla ya kutazama pengine popote. Mti mkavu usiuguse.

Jifunge ukiwa bado unakanyaga ardhi. Ukifika kwenye tawi, funga kamba ya pili juu ya tawi, iwekee uzito uone imeshika, ndipo ufungue ya kwanza. Ukifika mahali pa kukaa, fanya vivyo hivyo. Kamba ya kukalia isilegee. Kamba hizi hazinyumbuki, na hata kuanguka mita moja tu kwenye kamba iliyolegea kunaweza kukuumiza vibaya.

Bunduki, upinde, panga au ndoo usipande navyo mkononi. Funga kwa kamba nyembamba, panda, kisha vivute. Bunduki iwe haina risasi ndani, na mtutu utazame chini, mbali na wewe.

Ukiwa juu, sogeza miguu. Mtu akining'inia kwenye mkanda bila kutikisika, damu inakusanyika miguuni, anaweza kuzimia na hata kufa, bila mfupa hata mmoja kuvunjika. Kanyaga kibao, kunja magoti, geuka. Na usipande peke yako. Mwambie mtu ni mti gani, na saa ngapi utakuwa umeshuka. Simu iwe mfukoni unakoweza kuifikia, si kwenye begi lililobaki chini.

La mwisho linawahusu sana watu wa Iringa. Ulanzi ni mtamu, sikatai, nami nilikunywa. Lakini uwe ni wa baada ya kushuka.

MKUYU WA BONDENI

Jioni ya siku ya tatu tukaenda kurina. Mshikaji mgongo bado unamuuma, kwa hiyo kazi yake ikawa kushika kamba chini. Nilidhani mjomba angepanda kama alivyozoea miaka yote, mikono na miguu tu, mwenge mkononi. Warina asali wa zamani wanapanda gizani kwa sababu nyuki wanapungua ukali, na moshi unawatuliza.

Mjomba akaliangalia tandiko, akaliangalia mwenge.

"Hii kamba yenu ni nailoni," akasema. "Moto ukiigusa inayeyuka."

Hilo hatukuwa tumeliwaza hata kidogo! Kwenye video za Wamarekani hakuna mwenge. Basi akapanga upya kazi yote. Moto usipande. Juu aende mtu aliyefungwa, aliyevaa mavazi ya nyuki, afunge mzinga kwa kamba nyingine iliyopitishwa juu ya tawi nene, na sisi wa chini tuushushe taratibu. Moshi na kisu vingoje ardhini.

"Aende nani?" nikauliza, huku nikiogopa jibu.

"Mimi," mjomba akasema. "Nifungeni."

Tukamfunga. Mshikaji ndiye aliyekagua kila kifungio, mara mbili, kimya, si yule wa kijiweni kabisa. Mjomba akapanda mkuyu ule ule uliomvunja, polepole, mguu mbovu ukifuata mzuri. Kwenye kila tawi akasimama, akafunga ya juu, akaivuta, akafungua ya chini. Ilichukua muda mrefu kuliko ambavyo angepanda kienyeji. Kwenye tawi la tatu akasimama kabisa. Tukamuuliza kama kuna tatizo.

"Hapana," sauti ikatoka gizani. "Ni hapa nilipoangukia. Nilikuwa naangalia tu."

Kisha nikamwona anaachia mikono yote miwili, anaegemea nyuma, na kamba ikamshika.

Mzinga ulishuka salama. Nyuki walituuma, ndiyo, mimi mara nne, mshikaji hesabu ilimpotea. Asali ilijaa ndoo moja na nusu. Mjomba alishuka kwa mtindo ule ule, tawi kwa tawi, hakufungua kamba ya mwisho mpaka miguu yote miwili ilipokanyaga majani.

Tulipoondoka Tosamaganga tulikuwa na lita tano za asali, na mshikaji begi lake lilikuwa jepesi. Kijiweni wanamuuliza kila siku tandiko liko wapi. Anasema ameliacha kwa mwenyewe.